Jerry Siegel: mtunzi wa Superman aliyeuza kila kitu kwa dola 130

Huenda umewahi kuiona ile herufi S kubwa nyekundu, ndani ya umbo kama ngao, kwenye fulana ya mtumba gulioni au kwenye begi la mtoto wa shule. Ni alama ya Superman, shujaa wa kubuni anayeruka angani akiwa na joho jekundu mgongoni. Kwa zaidi ya miaka 80 shujaa huyo ameingiza fedha nyingi kupitia vitabu vya katuni, redio, televisheni, sinema, nguo na vitu vya kuchezea watoto.

Mtu aliyemtunga aliitwa Jerry Siegel. Alipokuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, Siegel alikuwa karani wa barua katika ofisi moja huko California, Marekani. Jina lake halikuandikwa popote kwenye hadithi za shujaa wake. Ilikuwaje? Jibu limo katika karatasi moja aliyoitia saini akiwa kijana wa miaka 23.

Kijana wa Cleveland

Jerry Siegel alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1914 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Yeye alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Baba yake alikuwa na duka la nguo.

Siegel hakuwa kijana wa michezo wala wa kusifiwa darasani. Alikuwa mpole, mwenye haya, na alivaa miwani. Muda wake mwingi aliutumia kusoma majarida ya bei nafuu yenye hadithi za sayansi ya kubuni, safari za kwenda sayari nyingine na wapelelezi wanaopambana na majambazi. Kisha akaanza kutunga zake mwenyewe kwa mashine ya kuchapa.

Tarehe 2 Juni 1932 msiba uliipata familia. Wezi waliingia dukani kwa baba yake jioni, na katika purukushani hiyo mzee alianguka akafa. Moyo ulisimama. Jerry alikuwa na miaka 17. Baadhi ya waandishi wa historia wameona uhusiano kati ya kifo hicho na shujaa aliyekuja kutungwa muda mfupi baadaye, mtu ambaye risasi hazimwingii na ambaye hakuna mwizi anayeweza kumtoroka. Hatuwezi kuingia ndani ya moyo wa kijana yule. Lakini ni kweli kwamba miezi michache tu baada ya mazishi alianza kuandika juu ya mtu mwenye nguvu kupita wanadamu wote.

Marafiki wawili, kalamu mbili

Katika shule ya sekondari ya Glenville, Siegel alikutana na kijana mwingine aliyependa mambo yale yale. Huyo alikuwa Joe Shuster, aliyezaliwa Toronto, Canada, mwaka 1914, mtoto wa fundi cherehani. Shuster naye alikuwa mwenye haya, na macho yake yalikuwa dhaifu, lakini alijua kuchora. Wakagawana kazi: mmoja atunge, mwingine achore.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi duniani. Viwanda vilifungwa na mamilioni ya Wamarekani walikosa kazi. Nyumbani kwa akina Shuster hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba Joe alichora kwenye karatasi za kufungia bidhaa na kwenye migongo ya karatasi za kupamba ukuta. Wakati wa baridi kali, nyumba ikikosa joto, alichora akiwa amevaa glavu.

Januari 1933 vijana hao walitoa hadithi katika kijarida walichokitengeneza wenyewe. Ndani yake alikuwamo mtu aliyeitwa Superman, lakini hakuwa shujaa. Alikuwa mtu mbaya, mwenye kipara, aliyepata uwezo wa kusoma mawazo ya wengine na kutaka kuitawala dunia. Hadithi haikusomwa na wengi.

Baadaye Siegel aliligeuza wazo. Vipi kama mwenye nguvu hizo angekuwa mtu mwema? Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba usiku mmoja hakupata usingizi kabisa, mawazo yalikuwa yakimjia moja baada ya jingine, naye akawa anainuka kila mara kuyaandika. Kulipokucha alikimbia hadi nyumbani kwa Shuster, na wakashinda wakifanya kazi.

Shujaa waliyemtengeneza alikuwa mtoto kutoka sayari iitwayo Krypton. Sayari hiyo inalipuka, na baba yake anamtia katika chombo kidogo na kumrusha angani kabla ya maangamizi. Chombo kinatua Marekani, mtoto analelewa na watu wa kawaida, na anapokua anagundua kwamba anaweza kunyanyua gari, kukimbia kuliko treni na kuruka juu ya maghorofa. Kwa hiyo Superman naye ni mgeni aliyekuja kutoka mbali, kama walivyokuwa wazazi wa Siegel.

Kwa miaka kadhaa wachapishaji waliikataa kazi hiyo. Wapo walioiona ya kitoto, wapo waliosema haijakomaa. Wakati mmoja Shuster alikata tamaa akazichoma kurasa alizokuwa amechora. Kuanzia mwaka 1935 wawili hao walipata kuchapishwa katika majarida ya katuni kwa hadithi nyingine za wapelelezi na wachawi, lakini Superman alibaki kabatini.

Saini ya Machi 1938

Mwanzoni mwa mwaka 1938 kampuni ya uchapishaji ya New York, ambayo leo inajulikana kama DC, ilikuwa inaandaa jarida jipya na ilihitaji hadithi za kulijaza. Mhariri Vin Sullivan aliona michoro ya Superman, akaipenda. Siegel na Shuster walikuwa wameipanga kwa ajili ya magazeti, hivyo ilibidi waikate na kuibandika upya ili itoshe kurasa 13 za jarida.

Malipo yalikuwa dola 10 kwa ukurasa. Kurasa 13 zikawa dola 130. Tarehe 1 Machi 1938 walitia saini karatasi fupi iliyosema kwamba, kwa malipo hayo, wanaipa kampuni haki zote za hadithi na mhusika wake, moja kwa moja na bila kikomo.

Tusiwaone wajinga. Jarida zima liliuzwa kwa senti 10, na dola 130 zilikuwa fedha za maana kwa vijana wawili waliotoka katika familia maskini. Huo pia ndio uliokuwa utaratibu wa biashara ile: mchapishaji hununua kila kitu, mtunzi huchukua hundi na kwenda kutunga kingine. Na baada ya miaka mingi ya kukataliwa, hofu yao kubwa ilikuwa kukataliwa tena. Hawakuwa na wakili, wala hakuna aliyewaeleza kwamba haki zote zina maana ya sinema ambazo hazijatengenezwa na nguo ambazo hazijashonwa.

Jarida hilo, Action Comics namba 1, liliingia vibandani mwezi Aprili 1938. Jalada lake lilimwonyesha mtu mwenye joho jekundu amelinyanyua gari la kijani na kulibamiza kwenye mwamba, watu wakikimbia huku na huku. Watoto walilinunua, wakarudi kuulizia jingine. Muda si mrefu kampuni ikatambua ilichonunua.

Maadui, siri na kuponea chupuchupu

Kwa nini hadithi zile zilipendwa hivyo? Wapo waliokuwa wametunga mashujaa wenye nguvu kabla ya Siegel. Alichofanya yeye ni kuunganisha vitu vitatu ambavyo hadithi za aina hii zinavitegemea mpaka leo.

Cha kwanza ni adui ambaye msomaji anamjua. Katika hadithi za mwanzo kabisa Superman hapigani na madubwana. Anamwokoa mwanamke asiye na hatia aliyekaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme. Anamwadhibu mwanamume anayempiga mkewe. Anamfuatilia mwanasiasa anayepokea hongo. Katika toleo la tatu anajifanya mchimba madini, kisha anamnasa chini ya ardhi tajiri mwenye mgodi pamoja na wageni wake waliokuja kujionea. Lengo lake ni tajiri yule aonje hatari ambayo wafanyakazi wake wanaishi nayo kwa sababu hataki kugharamia usalama. Maadui wakubwa kama Luthor, mwanasayansi mwenye akili nyingi na roho mbaya, walikuja baadaye, mwaka 1940.

Cha pili ni utambulisho wa siri. Mchana Superman ni Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mtu wa miwani, mwoga, anayedharauliwa kazini. Mwandishi mwenzake Lois Lane hamtaki kabisa, ila anampenda Superman, bila kujua kwamba ni mtu yule yule. Siegel alikiri kwamba hapo alikuwa anajiandika mwenyewe: kijana ambaye wasichana walipita bila kumtazama, akijiambia kwamba laiti wangejua. Kila msomaji aliyewahi kudharauliwa alijiona katika Clark Kent.

Cha tatu ni kuponea chupuchupu. Hapa palikuwa na tatizo la kiufundi. Utamtiaje hatarini mtu ambaye risasi hazimdhuru? Waliozoea vibanda vya video wanajua kwamba stelingi hafi. Lakini kama stelingi hawezi hata kuumizwa, msomaji atahofia nini? Siegel alilitatua kwa kuhamisha hatari. Anayeweza kufa si Superman, bali Lois anayening'inia kwenye jengo, au mfungwa asiye na hatia aliyebakiza dakika chache za kuishi. Swali likawa: je, atafika kwa wakati? Na hatari nyingine ni siri yenyewe kufichuka.

Mfano mmoja wa kuchekesha ni wa mwaka 1942, katika katuni ya Superman ya magazetini. Marekani iko vitani, na Clark Kent anakwenda kujiandikisha jeshini. Anapimwa macho. Kwa bahati mbaya macho yake yanayopenya ukuta yanasoma herufi za chumba cha pili badala ya zile zilizo mbele yake, na daktari anamkataa kwamba haoni vizuri. Siri inabaki salama, na mwenye macho makali kuliko wote duniani anarudishwa nyumbani.

Superman redioni

Wasikilizaji wetu watapenda kujua kwamba sehemu ya hadithi ya Superman ilizaliwa redioni. Mchezo wa redio wa Superman ulianza Marekani tarehe 12 Februari 1940, ukadumu hadi mwaka 1951. Mwigizaji Bud Collyer alikuwa na kazi ya kumwigiza Clark Kent na Superman kwa sauti tu. Akizungumza kama Clark alitumia sauti nyembamba. Akigeuka kuwa Superman, aliishusha sauti katikati ya sentensi ikawa nzito, na msikilizaji akajua kwamba nguo zimeshabadilishwa.

Ni redio iliyomleta Jimmy Olsen, yule kijana wa pale gazetini, na mhariri Perry White. Ni redio pia, mwaka 1943, iliyowaletea wasikilizaji kryptonite, jiwe kutoka sayari ya Krypton linalomwishia Superman nguvu. Na mwaka 1946 mchezo huo ulitumia vipindi kadhaa kuwaonyesha watoto ubaya wa kundi la kibaguzi lililofanana wazi na Ku Klux Klan, likiiandama familia yenye asili ya China.

Siegel hakuandika michezo hiyo. Lakini mwaka 1940, miaka mitatu kabla ya kryptonite ya redioni, yeye alikuwa amekwisha kuandika hadithi yenye madini ya Krypton yanayomdhoofisha Superman. Katika hadithi hiyo Superman anapoteza nguvu, na hatimaye anamfunulia Lois siri yake. Kampuni iliikataa, kwa sababu siri ikifichuka mchezo wote unabadilika. Mtunzi hakuwa tena na kauli ya mwisho juu ya mtoto wake mwenyewe.

Katika miaka hiyo Siegel na Shuster hawakuwa maskini. Walikuwa na mkataba wa kuendelea kuandaa hadithi, walilipwa vizuri kuliko Wamarekani wengi, na walifungua ofisi Cleveland yenye wachoraji wa kuwasaidia. Jina la Siegel lilifika hata Ujerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1940 yeye na Shuster walitengeneza kurasa mbili za jarida la Look zilizoonyesha Superman akimkamata Hitler. Gazeti la kikosi cha SS cha Wanazi lilijibu kwa makala ya kumshambulia Siegel na Uyahudi wake.

Kesi ya kwanza

Mwaka 1943 Siegel aliitwa jeshini. Alipelekwa Hawaii, akawa anaandika katika gazeti la askari. Akiwa huko alipata habari iliyomuumiza. Kampuni ilikuwa imetoa hadithi za Superboy, yaani Superman akiwa mtoto. Wazo hilo Siegel alikuwa amelipeleka kwa maandishi zaidi ya mara moja miaka ya nyuma, na kampuni haikulichukua. Sasa lilichapishwa bila kumuuliza.

Mwaka 1947, vita vimekwisha, yeye na Shuster walifungua kesi katika jimbo la New York. Uamuzi ulikuwa na pande mbili. Kuhusu Superman, mahakama ilisema karatasi ya tarehe 1 Machi 1938 ni halali, na kampuni ndiyo mmiliki. Kuhusu Superboy, ilisema kampuni haikuwa na haki ya kumtumia, kwa sababu Siegel alikuwa amewasilisha wazo lake na mswada wake, na kampuni haikuvinunua.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Superboy, Siegel alikuwa na daftari, yaani maandishi yenye tarehe. Kwa Superman, daftari lilikuwa mikononi mwa upande wa pili, likiwa na saini yake mwenyewe.

Lakini kesi ni gharama. Mwaka 1948 walikubali kumaliza mgogoro nje ya mahakama kwa takriban dola 94,000, wakaiachia kampuni Superman na Superboy wote wawili. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwa mawakili. Majina yao yakaondolewa kwenye hadithi, na kazi ikakoma.

Kurudi bila jina

Mwaka huo huo ndoa ya kwanza ya Siegel ilivunjika, akamwoa Joanne. Joanne hakuwa mgeni katika hadithi hii. Mwaka 1935, akiwa msichana, ndiye aliyekaa mbele ya Shuster ili achorwe kama mfano wa Lois Lane.

Siegel na Shuster walijaribu shujaa mpya wa kuchekesha aitwaye Funnyman. Jarida lilikufa baada ya matoleo sita. Miaka ya 1950 ilikuwa migumu. Shuster, macho yakizidi kufifia, hakuweza tena kutegemea kuchora. Siegel alipata vibarua vya hapa na pale vya kuandika, na mtoto wa kike alikuwa amezaliwa mwaka 1951.

Mwaka 1959 Siegel alirudi kuandika hadithi za Superman katika kampuni ile ile, akilipwa kwa ukurasa kama mwandishi mwingine yeyote. Jina lake halikuandikwa. Wasomaji hawakujua kwamba hadithi waliyoishika imeandikwa na mtunzi wa kwanza. Yeye mwenyewe sasa alikuwa na utambulisho wa siri, ila kwake haukuwa mchezo.

Na bado aliandika baadhi ya hadithi zake bora kabisa. Mwaka 1960 alimrudisha Superman Krypton kabla haijalipuka, akakutana na wazazi wake ambao hawezi kuwaokoa. Mwaka 1961 aliandika hadithi ya kubuni ndani ya kubuni, ambamo Luthor anajifanya ametubu na kugundua tiba ya saratani, dunia inamsamehe, Superman anamwamini kama rafiki, kisha anamuua. Hapakuwa na kuponea chupuchupu. Kwa mara hiyo moja, stelingi alikufa.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha iliweza kuhuishwa kwa miaka mingine 28. Miaka 28 ya kwanza ya Superman ilikuwa inakwisha mwaka 1966. Siegel aliona hapo ndipo mlango ulipo, akadai kwamba kipindi cha pili ni chake na Shuster. Kazi katika kampuni ikaisha. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa iliamua kwamba karatasi ya mwaka 1938 pamoja na makubaliano ya 1948 yalikuwa yametoa kila kitu, hata kipindi hicho cha pili.

Barua ya mwaka 1975

Siegel sasa alikuwa na miaka 60, karani wa barua, na afya yake haikuwa nzuri. Shuster aliishi New York na ndugu yake, karibu asioni. Ndipo zikaja habari kwamba filamu kubwa ya Superman inatayarishwa kwa gharama ya mamilioni ya dola.

Siegel hakuwa na wakili wa kumlipa, wala mahakama ya kukimbilia. Akarudi kwenye silaha aliyoijua tangu utotoni, mashine ya kuchapa. Aliandika tamko refu lenye uchungu, akaeleza hadithi yote tangu dola 130, akailaani filamu hiyo, kisha akalituma kwa magazeti na vituo vya habari kote Marekani.

Waandishi wachache walilipokea, kisha wengi. Wachoraji wa katuni Neal Adams na Jerry Robinson waliongoza kampeni ya kuwatetea. Wazee hao wawili wakaonekana kwenye televisheni, na umma ukauliza swali rahisi: filamu ya mamilioni inatengenezwa, na waliomtunga shujaa hawana hata bima ya matibabu?

Kisheria kampuni mama, Warner, haikuwa na deni. Lakini haikutaka aibu hiyo iandamane na filamu. Desemba 1975 ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka kwa maisha yao yote, pamoja na bima ya afya. Na kulikuwa na sharti jingine ambalo watetezi wao hawakukubali kulilegeza: majina yao yarudi. Kuanzia hapo kila hadithi ya Superman ilitakiwa kueleza kwamba alitungwa na Jerry Siegel na Joe Shuster. Filamu ilipotoka Desemba 1978, majina hayo yalikuwa kwenye skrini.

Alichokiacha

Joe Shuster alifariki mwaka 1992. Jerry Siegel alifariki Los Angeles tarehe 28 Januari 1996, akiwa na miaka 81.

Mwaka 1976 sheria ya Marekani ilikuwa imebadilishwa, na watunzi pamoja na warithi wao wakapewa nafasi mpya ya kudai haki zilizouzwa zamani. Mjane Joanne na binti yao walidai. Mvutano huo ulimpita hata Joanne, aliyefariki mwaka 2011, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba makubaliano yaliyofikiwa na familia mwaka 2001 yanaifunga. Superman akabaki kwa kampuni.

Ile hundi ya mwaka 1938, yenye dola 130 za Superman pamoja na malipo ya kazi nyingine, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Nakala moja ya Action Comics namba 1, iliyouzwa kwa senti 10, ilinunuliwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Kwa sheria ilivyo sasa nchini Marekani, hadithi ile ya kwanza itakuwa mali ya umma ifikapo tarehe 1 Januari 2034, na yeyote ataweza kuichapisha.

Msikilizaji, huenda wewe hutungi katuni. Lakini huenda unatunga nyimbo za kwaya, unachora mapambo, unaandika michezo ya kuigiza, au kijana wako amerekodi wimbo kwenye simu na mtu kutoka mjini anataka kuununua. Maisha ya Siegel hayasemi usiuze. Yanasema usome kwanza. Ukikuta maneno kama haki zote au milele, usitie saini siku hiyo hiyo. Uliza maana yake kwa mtu anayejua sheria. Weka nakala ya kazi yako yenye tarehe, na nakala ya kila karatasi uliyoitia saini. Na hata kama fedha ni ndogo, dai jina lako liandikwe.

Siegel alipigania fedha kwa karibu miaka 30 na mara nyingi alishindwa. Jina lake alilipata. Ukiokota leo kitabu chochote cha Superman, fungua kurasa za mwanzo. Utamkuta pale, yeye na rafiki yake wa Glenville.